Simu ikikatika njiani, vijiti vya netiweki havitakwambia kitu

Mtu wa Nairobi akikatikiwa na simu ndani ya matatu, kwanza huitoa sikioni aangalie vijiti vya netiweki, kisha hutukana kampuni. Vijiti viko pale pale, vimejaa. Sasa shida ni nini?

Nilikuwa nazunguka mjini nikipima mawimbi kwa niaba ya mkandarasi mmoja: simu zimefungwa kwenye dashibodi, kompyuta mapajani, zinapiga na kukata zenyewe kutwa nzima huku ramani ikijichora kijani, njano na nyekundu. Vitone vingi vyekundu havikuwa mahali pasipo na mawimbi. Vilikuwa pale simu ilipokuwa inahama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine. Vijiti vinakuonyesha mnara uliokushika sasa hivi. Kuhusu ule unaofuata, kimya.

Kuhama huko mafundi huita handova. Hata ukiwa katikati ya maneno, simu yako inasikiliza minara ya jirani na kupeleka ripoti. Kwenye 2G ni kila sekunde 0.48. Mawimbi ya jirani yakizidi ya mnara wako kwa kiasi kilichowekwa, na yakiendelea kuzidi kwa muda kidogo, mtandao unaamuru uhame. Kiasi hicho kimewekwa makusudi, la sivyo simu ingerukaruka kati ya minara miwili, na kila mruko ni nafasi ya kukatika. Jambo lenyewe ni la zamani: Amos Joel wa Bell Labs, maabara ya simu ya Marekani, alipata hataza ya mfumo wa aina hii mwaka 1972, kabla hata Martin Cooper wa kampuni ya Motorola hajapiga simu ya kwanza ya mkononi kule New York mwaka 1973.

Kwa hiyo usilaumu mwendo kasi. Ukiwa Thika Road kwa kilomita 80 kwa saa, mita 500 unazimaliza kwa sekunde 22 hivi, na simu imeshatuma ripoti zaidi ya 40. Muda upo. Kinachoua simu ni mabadiliko ya ghafla. Unatembea Kenyatta Avenue, unakata kona kuingia Kimathi Street, jengo linaziba mnara uliokuwa ukikuhudumia, na mawimbi yanaporomoka ndani ya hatua chache kabla mtandao haujaamua lolote. Kama unaongea jambo la maana, simama, malizia, ndipo ukate kona. Lifti iache iende. Na ukiingia na gari kwenye maegesho ya chini ya jengo, mwambie mwenzako mapema kwamba utampigia.

Foleni nayo ina mambo yake. Unajua makanga akikuuza kwa matatu nyingine halafu ufike ukute viti vimejaa? Mnara jirani ukijaa, unakataa kukupokea vivyo hivyo, hata kama mawimbi yake ni makali kuliko ya huu ulioushika. Chaneli moja ya 2G ina nafasi 8 tu, na si zote za maongezi. Kwenye 3G kuna la ziada: watu wakiongezeka, eneo linalohudumiwa na mnara hupungua. Ndiyo maana mtu atakuapia kwamba hapa ilishika vizuri asubuhi, na asiwe anadanganya. Mazungumzo ya bei na mteja usiyafanye Westlands saa kumi na mbili jioni. Piga kabla hujatoka ofisini.

Wengi hawaamini nikisema kwamba kuwa juu si lazima iwe faida. Antena za mjini huinamishwa ziangalie chini barabarani. Ukipanda Nairobi Expressway, au ukiwa ghorofa ya kumi na tano Upper Hill, simu inaona minara mingi ya mbali na hakuna hata mmoja unaotawala. Inahangaika. Unaweza kukatikiwa ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha ofisi, hujasogea hata inchi. Kwenye ghorofa kama hiyo usikimbilie dirishani kama tulivyozoea. Rudi ndani karibu na korido, hasa kama jengo lina antena zake. Kwenye matatu ni kinyume: bodi ni chuma, kwa hiyo kaa dirishani.

Kuhusu mipangilio, fanya jaribio hili. Piga simu, kisha tazama alama ya 4G juu ya skrini. Ikigeuka ghafla kuwa 3G, H au E, ujue simu yako haiongei kupitia 4G, inashushwa kila unapopiga. Ingia kwenye mipangilio ya laini, tafuta VoLTE, yaani kuongea kupitia 4G, iwashe kama simu na laini zako zinaikubali. Sauti itakuwa safi zaidi na simu itaita upesi. Lakini ukisafiri kwenda mahali 4G ni ya vipande vipande, handova ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka 4G kushuka 3G au 2G katikati ya maongezi. Mimi kwa safari hizo naifunga simu kwenye 2G kabla ya kupiga. Intaneti inakuwa ya kusikitisha, sawa, ila nimepiga simu ili niongee.

Na WhatsApp? Nyumbani kwenye Wi-Fi, haina neno. Njiani inashindania nafasi na video za kila mtu kwenye foleni, wakati simu ya kawaida ya VoLTE hupewa kipaumbele na mtandao. Kwa dakika tano za muhimu, lipia dakika tano.

Sauti ikianza kukatakata, usikate wewe. Mtandao hukupa sekunde kadhaa kabla ya kukata tamaa, na mara nyingi handova inakamilika humo humo. Nyamaza, subiri, kisha rudia sentensi ya mwisho.

Ikikatika mahali palepale kila siku, ripoti, lakini ripoti vizuri. "Netiweki ni mbaya" haimsaidii fundi. Kuna dereva mmoja wa teksi aliyelalamika kwamba anakatikiwa karibu na Kangemi akielekea mjini tu; akirudi, hakuna shida. Neno "akielekea mjini" ndilo lililotuokolea kazi. Mnara wa kwanza haukuwa na jina la wa pili kwenye orodha yake ya majirani, ilhali wa pili ulikuwa na la wa kwanza. Jina likaongezwa, simu ikapita. Kwa hiyo andika mahali, saa, ulikotoka na unakoenda, na kama ulikuwa kwenye 2G, 3G au 4G. Ukijibiwa uzime simu na kuiwasha, omba namba ya malalamiko yako, kisha wapigie tena kesho yake ukiwa nayo mkononi.