Bia inanukia ndizi, na ndizi sikutia

SWALI: Shikamoo mama. Napika bia nyumbani, ndoo ya lita 20, ya kunywa mwenyewe na rafiki zangu wawili. Kimea, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na pakiti ya hamira ya gramu 11.5, vyote nilitia kama nilivyoelekezwa. Maelekezo yanasema ndoo ikae kwenye joto la chumba, nami nikaiweka stoo. Siku ya pili povu likawa limeshatulia, nikafurahi kwamba imeiva upesi. Sasa inanukia ndizi mbivu na inachoma koo kama gongo. Nimekosea wapi? Na ikikaa, itapona? – *Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeponzwa na maneno matatu: joto la chumba. Aliyeyaandika alikuwa na chumba cha Ulaya akilini, nyuzi 18 hadi 20. Stoo ya Tabata mwezi wa pili ni nyuzi 30 na ushee, na usiku haishuki sana.

Tena hilo ni joto la hewa tu. Hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe, na ndoo ya lita 20 inaweza kuizidi hewa kwa nyuzi tatu mpaka tano siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana mimi sitazami kipimajoto cha ukutani. Nabandika kipimajoto kidogo ubavuni mwa ndoo kwa utepe, juu yake naweka kitambaa nilichokikunja mara nne ili hewa ya nje isikidanganye. Mara ya kwanza kufanya hivyo, hapa Moshi, ukuta ulisoma 25 na ndoo ikasoma 29. Nilikaa chini.

Ndizi yako naijua. Hamira ya bia za kawaida ikipata joto kupita kiasi hukimbia, na katika kukimbia huko inaacha harufu za matunda, ya ndizi ikiwa mbele, pamoja na vileo vizito vinavyochoma koo. Mjomba wangu aliionja ya kwangu, akameza, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Hii mbege umetia ulezi wa wapi?" Sikuwa nimetia ulezi wala hata ndizi moja. (Wajerumani wa Bavaria wana bia ya ngano inayosifiwa kwa harufu hiyo hiyo ya ndizi, na ya karafuu juu yake. Lakini wao wana hamira yake maalumu, na wamekusudia.)

Kupona haitapona. Harufu itapungua kidogo, ule mchomo utabaki. Mimi yangu nililowekea nyama ya mbuzi.

Sasa ndoo ijayo. Kazi kubwa iko katika siku tatu za mwanzo. Ukizishinda hizo, zinazofuata hazina ukorofi. Usitie hamira kwenye kimea cha vuguvugu eti mkono umekubali. Maji ya bomba ya Dar hayatakufikisha kwenye 20, kwa hiyo sufuria iingie kwenye beseni la maji yenye barafu mpaka kipimajoto kisome 18 au 19, ndipo umimine kwenye ndoo na kutia hamira. Kisha ndoo nayo ikae ndani ya beseni kubwa la maji, yafike nusu yake. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, tumbukiza mbili asubuhi na mbili usiku, ukiangalia kipimajoto. Kikishuka chini ya 17, punguza. Watu watakwambia ufunike ndoo kwa khanga mbichi na kuwasha feni. Dodoma njia hiyo inafaa sana. Dar hewa yenyewe imelowa, khanga haikauki, na kisichokauka hakipoozi. Barafu ndiyo ya kutegemea, na ukipata deli kubwa la kuingia ndoo, umeme ukikatika hutahangaika.

Siku ya nne acha joto lipande lenyewe mpaka 21 au 22, ili hamira imalizie na kufuta ile ladha ya siagi inayobaki nyuma. Na povu kutulia si kuiva. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, siku mbili mfululizo. Namba isipobadilika ndipo ujaze chupa, la sivyo zitakupasukia kabatini.

Kama barafu ni mzigo, ipo hamira iitwayo kveik, ya wakulima wa magharibi ya Norwei, ambao zamani waliikausha juu ya pete za mbao na kuitunza mpaka pishi lijalo. Hiyo nyuzi 35 ndiyo raha yake, na bia inatoka safi. Una ndugu anakuja kutoka Ulaya? Mwagize pakiti mbili, hazimzidishii mzigo. Ukizipata ziweke kwenye friji. Hamira iliyopigwa jua dirishani mwa duka usiinunue hata kwa nusu bei.

SWALI: Siku ya tatu leo na ndoo haijatoa povu hata moja. Chumba ni nyuzi 12. Nimwage? – *Msomaji, Njombe*

JIBU: Usimwage! Kwanza soma pakiti. Ikiwa ni hamira ya laga, bia ya kuchachia kwenye baridi, 12 ni kwake kabisa, inaanza polepole tu. Mwenzako wa Tabata angekuhonga apate chumba hicho. Ikiwa ni ya eli, bia inayotaka joto zaidi, imelala. Izungushie blanketi, isogeze jirani na jiko lakini si kando ya moto, ifike 18. Koroga taratibu kwa mwiko uliouchemsha, funika, uniandikie kesho kutwa.