Zunguka Nyuma ya Sanamu

Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama sanamu za mji mdogo, nilizimaliza zote tisa kwa saa moja na nusu. Nilifika mbele ya kila moja, nikasoma kibao, nikapiga picha, nikaenda kwenye inayofuata. Usiku, nilipokuwa nikizipitia picha kwenye simu, nilijiuliza kama ile sanamu ya mwanamke pale uwanjani ilikuwa ya jiwe au ya chuma, na jibu sikuwa nalo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake mchana uleule. Iliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimefunga safari kwa ajili ya sanamu hizo tu. Nikaahirisha kuondoka, na kulipokucha nikaanza upya kana kwamba sijaona kitu. Karibu yote ninayokushauri hapa niliyapata siku hiyo ya pili.

Nilianza na mwanamke yule. Kwa mbele amesimama wima, uso umetulia, mkono wa kulia umelala ubavuni. Ndivyo picha yangu ya jana ilivyomwonyesha. Nikaenda nyuma yake. Kisigino cha mguu wa kushoto kimeinuka, maana yake hakusimama, anaanza kuondoka. Na mkono wa kushoto, ambao kwa mbele hauonekani kabisa, umekunjwa mgongoni na umeshika ufunguo. Kwa hiyo jana sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimeona nusu yake, tena nusu ile inayoficha.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ambao nitaushikilia hata ukisahau mengine yote, ni huu: zunguka. Mchongaji hafanyi kazi akiwa amesimama mahali pamoja. Huizunguka kazi yake au huigeuza juu ya meza, miezi kwa miezi, na kila upande huufikiria. Mtazamaji anayebaki mbele anaisoma barua ukurasa mmoja. Mimi hufanya mizunguko miwili. Wa kwanza huwa wa mbali, hatua 15 au 20 kutoka kwenye sanamu, nikitazama umbo tu: linaegemea wapi, uwazi kati ya mkono na kiwiliwili una sura gani, linakuwa jembamba ukilitazama kutoka wapi. Wa pili huwa wa karibu, macho yakifuata mikono, miguu, mikunjo ya nguo. Dakika 10 kwa sanamu moja si nyingi. Dakika mbili za mwanzo huwa ngumu, unahisi umeshaona kila kitu. Vumilia, huwa hujaona.

Kama unataka mfano mkubwa wa kazi isiyo na mbele, uko Calais, Ufaransa. Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin aliombwa kuwakumbuka raia sita wa mji huo waliojitoa kwa mfalme Edward III wa Uingereza mwaka 1347 ili mji uliozingirwa usalimike. Angeweza kumweka kiongozi mmoja juu na wengine chini yake. Badala yake aliwaweka wote sita katika usawa mmoja, kila mtu na hofu yake, huyu ameshika kichwa, yule amebeba ufunguo mkubwa wa mji, na hakuna mahali pa kusimama ukawaona wote sawasawa. Lazima utembee. Rodin alitaka wawekwe chini, karibu na ardhi, ili wapita njia wakaribie kugongana nao. Ilipozinduliwa mwaka 1895 iliwekwa juu ya kiweko kirefu, kinyume na alivyotaka. Mwaka 1924, miaka saba baada ya kifo chake, ndipo ilipohamishiwa mbele ya jengo la halmashauri ya mji kwenye kiweko kifupi.

Tangu niijue habari hiyo, kiweko chenyewe nakitazama kama sehemu ya kazi. Aliyeinuliwa mita tatu juu ya kichwa chako na aliyesimama kwenye zege moja na wewe hawakuambii jambo moja. Kagua pia kama kiweko na sanamu ni vya umri mmoja. Jiwe likiwa limechakaa na chuma ni kipya, au kukiwa na matundu ya skrubu yasiyo na kazi, basi kuna kitu kilihamishwa, na hapo pana hadithi ya kuulizia.

Sasa nije kwenye kitu chenyewe kilichotumika, maana hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote.

Sanamu nyingi za rangi ya kahawia nzito au kijani ni za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hazikuchongwa, zilisubiwa. Msanii hufinyanga umbo kwa udongo, hulichukulia kalibu, yaani ganda lenye sura ya umbo hilo kwa ndani, hupaka nta ndani ya kalibu hiyo kwa unene mdogo, kisha nta hufunikwa kwa tabaka linalostahimili moto. Ikichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na bronzi iliyoyeyushwa huingia mahali palepale nta ilipokuwa. Kwa hiyo sanamu kubwa ya bronzi kwa kawaida ina uwazi ndani, na ukuta wake ni milimita chache tu. Pasipokatazwa, igonge mara moja kwa kifundo cha kidole, taratibu, utasikia sauti ya chungu kitupu. Tafuta mistari myembamba mabegani au kiunoni, ndipo vipande vilipounganishwa. Tafuta kwenye ukingo wa chini, mara nyingi upande wa nyuma, jina la msanii na alama ya karakana iliyosubu. Nimekuta alama ya dole gumba kwenye mkunjo wa nguo ya sanamu moja: dole la mtu lililobonyeza udongo, likahamia kwenye nta, likabaki kwenye chuma. Nilikaa pale muda mrefu.

Ule ukijani hutokana na shaba kukutana na hewa na unyevu. Huwa hausambai sawa. Mahali maji ya mvua yanapotiririka hubaki michirizi iliyofifia, na chini ya kidevu au kwapani, mvua isipofika, hubaki weusi. Ukiifuata michirizi hiyo utajua maji hupita wapi mvua ikinyesha. Kuna pia chuma kinachoachwa kishike kutu kwa makusudi, aina ambayo tabaka lake la kutu hushikamana na kukinga kilicho chini. Malaika wa Kaskazini wa Antony Gormley, uliosimamishwa Gateshead, Uingereza, mwaka 1998, ni wa chuma cha namna hiyo, una urefu wa mita 20 na mabawa yenye upana wa mita 54. Mtu asiyejua hudhani umetelekezwa.

Kwenye jiwe, tafuta alama za patasi. Sehemu laini ilisuguliwa kwa siku nyingi, na sehemu yenye mikwaruzo iliachwa hivyo kwa uamuzi. Marmari iliyonyeshewa miaka mingi hupoteza ung'avu na kuwa na chembechembe kama sukari, kwa sababu mvua yenye tindikali huila polepole, hasa pua na vidole. Kwenye zege angalia mistari ya mbao za kalibu.

Na ukiona kwenye bronzi mahali pamoja panapong'aa kama dhahabu, ujue mikono ya watu imepita hapo mara nyingi sana. Hilo hufurahisha macho lakini lina gharama. Sanamu ya Juliet, yule mpenzi wa Romeo katika tamthilia ya Shakespeare, iliyoko Verona, Italia, iliyotengenezwa na Nereo Costantini, iliguswa na wageni kwa miongo kadhaa hadi ikapata ufa, na mwaka 2014 ikabidi ihamishiwe ndani na nakala ikae nje. Mgeni mmoja hana uzito wowote, ila wageni hawaji mmoja. Kwa hiyo mimi siparuzi, sipandi, simkalishi mtoto begani mwa sanamu ili nimpige picha. Iliyotengenezwa ili ikaliwe au ichezewe huwa inajieleza yenyewe.

Kibao kisome mwisho. Najua wengi watapinga, na kiongozi wa watalii atakuambia kinyume. Lakini kibao kikishakuambia "Tumaini", utaona tumaini hata kama uso ule una huzuni. Tazama kwanza, jiambie mwenyewe unachokiona, kisha soma uone umetofautiana wapi na walioandika. Kutofautiana kwenyewe ndiko utakakokumbuka.

Baada ya kibao, waulize watu. Mji mdogo una faida hii ambayo jiji kubwa halina: aliyeketi kwenye benchi karibu na sanamu huenda alikuwapo siku inasimamishwa. Katika mji uleule kulikuwa na sanamu ya mwalimu, na kibao chake kilisema anautazama mto. Mto haukuwapo. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa ghala. Mzee mmoja aliniona nikigeuka huku na huku, akaniita. "Mwanangu, huyo zamani alitazama kule," akasema, akinyoosha mkono nyuma ya sanamu. "Walipopanua barabara walimgeuza." Nikamshukuru, nikaenda nyuma ya mwalimu, na mto ulikuwa pale chini ya miti. Hakuna ramani iliyoniambia hilo. Ukiuliza, usianze na "hii ni nini?", maana watu hudhani unataka jibu la kibao. Uliza watu wa hapa wanaiitaje. Mara nyingi sanamu ina jina la mtaani, na jina hilo huonyesha kama mji umeipenda, umeizoea au bado unagombana nayo.

Ugomvi usikutishe. Katika ufuo wa kokoto wa Aldeburgh, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza, kuna sanamu ya kombe, yaani gamba la chaza wa baharini, la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita nne, kazi ya Maggi Hambling ya mwaka 2003 kwa kumbukumbu ya mtunzi wa muziki Benjamin Britten. Wapo wenyeji waliotaka liondolewe, na limepakwa rangi na waharibifu zaidi ya mara moja. Watu hulikalia na kusikiliza bahari. Kwenye ukingo wake wa juu kuna maneno yaliyotobolewa, na herufi zake unazisoma kwa anga iliyo nyuma yake, hivyo rangi yake hubadilika na hali ya hewa.

Kuhusu njia ya kupita: usizipange sanamu kwa umaarufu, zipange kwa miguu. Umbali kati ya moja na nyingine ni sehemu ya kutazama. Aliyelielewa hilo kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mchongaji Constantin Brâncuși. Katika mji wa Târgu Jiu, Romania, alikamilisha mwaka 1938 kazi ya kuwakumbuka waliokufa wakiutetea mji huo mwaka 1916. Inaanza karibu na mto kwa meza ya mawe ya duara yenye viti 12 visivyo na mtu, inapita kwenye lango la mawe, halafu unatembea barabara ya mji, katikati ya nyumba za watu, zaidi ya kilomita moja, hadi kwenye nguzo ya chuma yenye urefu wa mita 29 hivi. Nguzo hiyo inaishia juu kwa nusu ya kipande, kana kwamba imekatizwa ikiendelea. Ukienda kwa gari kutoka mezani hadi kwenye nguzo, ule mwendo wa kimya uliokusudiwa kati yake umeupoteza. Mwaka 2024 kazi hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sanamu iliyo katikati ya mzunguko wa barabara usiivukie. Itazame kutoka kila barabara inayoingia, na huo ndio mzunguko wako. Viatu viwe vya kutembelea, maji yawepo. Usisahau ua wa maktaba, wa hospitali na wa kituo cha treni, ambako huwekwa kazi nzuri zisizoandikwa kwenye ramani.

Picha piga baada ya mizunguko yote miwili. Mchana wa jua la utosini, mashimo ya macho hujaa giza na sehemu nyingine huwa bapa. Mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, ndio unaotoa mikunjo na alama za patasi. Kwa hiyo jua sanamu inaelekea wapi. Inayoelekea mashariki, uso wake ni wa asubuhi na mgongo wake ni wa jioni, na ukitaka kuiona yote ni lazima uende mara mbili.

Mwanamke yule wa uwanjani anaelekea mashariki. Asubuhi mgongo wake ulikuwa kivulini, ufunguo niliuona kwa umbo tu. Nikarudi jioni kabla ya kuondoka. Jua lilikuwa limeingia kwa nyuma, na kwenye mwili wote uliogeuka kijani, ufunguo ulikuwa unang'aa manjano. Nilikuwa bado nautazama alipopita msichana mwenye mkoba wa shule. Hakusimama wala hakuinua macho. Alinyoosha mkono, akaugusa ufunguo kwa ncha za vidole, akaendelea na njia yake.