Pedali, intafesi na pepo wa hedifoni

Bi Mkubwa alikuwa ameshamaliza ubeti wa kwanza na nusu ya wa pili ndipo nilipojitia ufundi. Anaimba taarab ya zamani, ile sauti inayotaka nafasi ya kutulia kila baada ya mshororo, nami nilikuwa na pedali ya dilei ya gitaa, kile kisanduku kinachochelewesha sauti na kuirudia kama mwangwi, ya mtumba, iliyokaa kabatini tangu nilipoinunua. Nikasema ngoja nimpitishie mwangwi kidogo, asikie raha. Nikachomeka waya mbili, nikafungua volyumu. Kilichotoka ni ukelele ambao sijausikia tena na sitaki kuusikia. Bi Mkubwa alizivua hedifoni kwa mikono miwili, akaziweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiki kisanduku chako kina pepo?"

Kilichonichanganya siku ile ni kwamba spika zote zilikuwa zimezimwa. Fidibeki tuliyoizoea ni ile ya harusini: mshereheshaji anapita mbele ya spika na maiki yake, spika inalia, watu wanaziba masikio. Pale sauti inatoka kwenye spika, inapita hewani, inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye spika. Chumbani kwangu hapakuwa na hewa ya kupitia. Kwa hiyo nilifanya anachofanya kila mtu aliyebanwa, nikailaumu kompyuta. Nikapunguza volyumu ya traki, bado inalia. Nikazima traki zote, inalia. Nikafunga programu kabisa, kioo cha kompyuta kitupu, na ile kitu inaendelea kulia kama haijanisikia.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Kama programu imefungwa na mlio upo, basi mlio hauko ndani ya kompyuta.

Intafesi yangu ya wakati ule, yaani kisanduku kinachounganisha maiki na spika na kompyuta, ilikuwa na matundu mawili ya kuingizia na mawili ya kutolea. Maiki iliingia tundu la kwanza. Kwa kuwa sikuwa na tundu la ziada la kutolea, nilichukua la pili, lile la spika ya kulia, nikalipeleka kwenye pedali, na pedali nikairudisha kwenye tundu la pili la kuingizia. Kwenye karatasi inaonekana ni akili. Tatizo ni ile swichi ndogo ya kusikiliza moja kwa moja, ambayo karibu intafesi zote za nyumbani zinayo. Kazi yake ni kuchukua kinachoingia na kukipeleka kwenye hedifoni na spika bila kupitia kompyuta, ili mwimbaji ajisikie bila kuchelewa. Lakini intafesi haijui kwamba kinachoingia tundu la pili ni pedali. Ikakichukua, ikakitoa tundu la pili la kutolea, kikaingia kwenye pedali, kikarudi tundu la pili la kuingizia, kikatolewa tena, kila mzunguko kikiongezeka. Nilizima swichi, chumba kikawa kimya. Pepo aliondoka kwa kidole kimoja.

Tangu siku hiyo sichomeki waya kabla sijachora. Nachukua karatasi, nachora intafesi kama sanduku, naandika namba za matundu, halafu naweka kalamu penye tundu linalopeleka sauti kwenye pedali na kuifuata njia: inapita pedali, inaingia tundu gani, na kutoka hapo intafesi inaipeleka wapi. Si ninakotaka mimi iende, bali inakoipeleka yenyewe. Kalamu ikirudi pale ilipoanzia, kuna kitanzi, na kitanzi kikishapata nguvu ya kutosha kitalia. Kila fidibeki ya waya niliyokutana nayo ilikuwa hivyo hivyo, ila kitanzi kilijificha mahali tofauti.

Kwa anayeanza, ushauri wangu wa kwanza ni wa pesa, na unisamehe. Kwa intafesi ya matundu mawili ya kutolea unaweza kupitisha pedali, lakini utakuwa unaiba njia ya spika na kuhesabu pumzi. Yenye manne inakupa la 1 na la 2 kwa spika, la 3 kwa pedali, na bado linabaki moja. Mimi nilikaa mwaka mzima nikikwepa ununuzi huo kwa ujanja ujanja, na ujanja wenyewe ulinila muda kuliko pesa.

Sasa usidhani ukipata manne umeokoka. Nyingi kati ya intafesi hizi zinakuja na programu yake ya kugawa sauti, kama Focusrite Control au TotalMix ya RME, na kila tundu la kutolea unaweza kulichagulia chanzo chake. Unaweza kukuta la 3 na la 4 limepangwa kutoa nakala ya la 1 na la 2. Mtu anaweka pedali kwenye la 3, anarudisha kwenye la kuingizia la 3, anaisikiliza kupitia spika, na spika ni la 1 na la 2, ambalo nakala yake inatoka la 3. Kitanzi kile kile, kimevaa kanzu nyingine. Nenda kwenye programu hiyo, fungua tundu la 3, ondoa kila kitu, kisha liachie chanzo kimoja tu: kile ulichokusudia kiende kwenye pedali. Kinachorudi kutoka kwenye pedali kinaruhusiwa kwenye hedifoni na spika. Kwenye tundu la 3 ni marufuku.

Ndani ya programu ya kurekodi mambo ni yale yale. Mimi natumia REAPER. Traki ya sauti ya mwimbaji ina njia mbili: moja kwenda masta, pale traki zote zinapokusanyika kabla ya kwenda kwenye spika, nyingine kwenda tundu la 3. Halafu kuna traki ya marudio, yaani ya sauti inayorudi kutoka kwenye pedali, inayopokea kutoka tundu la kuingizia la 3, na hiyo inakwenda masta peke yake. Kosa la kawaida ni kunakili traki. Una traki ya sauti iliyokwisha kupangwa vizuri, unainakili ili uifanye ya marudio, na unanakili pamoja na njia yake ya kwenda tundu la 3. Ukiwasha kujisikiliza tu, imelia. Kwa hiyo traki ya marudio naitengeneza mpya kila mara, hata kama nina haraka.

Kuna kipimo nilichokigundua kwa bahati, na nakipenda kuliko vyote. Ukisikia mlio na hujui kitanzi kiko wapi, punguza volyumu hadi usikike kwa mbali tu, shusha hedifoni shingoni, kisha badilisha bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukishughulikia, kinachohesabiwa kwa sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti), tuseme kutoka sampuli 128 hadi 1024. Mlio ukibadilika tabia, ukawa mzito au ukaanza kugugumia, kitanzi kinapita ndani ya kompyuta, maana umekirefusha. Ukibaki vile vile, kitanzi kiko ndani ya intafesi yenyewe, kwenye swichi ya kusikiliza moja kwa moja au kwenye ile programu ya kugawa sauti. Nusu ya kazi ya kutafuta imeisha.

Na tafadhali, kabla ya jaribio lolote, hedifoni zisiwe masikioni. Hasa si masikioni mwa mtu mwingine.

Likija suala la nguvu ya sauti, kumbuka pedali ilitengenezewa gitaa. Gitaa hutoa umeme mdogo, milivolti mia na kitu, wakati tundu la kutolea la intafesi limeundwa kuhudumia vifaa vya studio, ambavyo kipimo chao cha kawaida, +4 dBu, ni kama volti 1.23. Ukiipelekea pedali nguvu hiyo yote itakwaruza, na utadhani pedali ni mbovu. Mimi naanza na njia ya kwenda tundu la 3 ikiwa chini desibeli 20, napandisha taratibu hadi pedali iridhike. Kwa mwangwi na dilei hilo linatosha. Kwa pedali za kukwaruza makusudi, zile zinazojali zimeunganishwa na nini, kuna kisanduku maalumu cha kugeuza, wengi wanakiita riampu, kinachoshusha nguvu na kuifanya pedali iamini kuwa mbele yake kuna gitaa. Sauti ikirudi ikiwa ndogo, usikimbilie kuongeza geini, ile nobu ya kukuza sauti inayoingia. Kwanza badilisha tundu la kuingizia kutoka hali ya laini, ile ya vifaa vya studio, kwenda hali ya gitaa. Geini ikizidi unaongeza na kelele za pedali, na kama kuna kitanzi kidogo kimelala mahali, unakiamsha.

Mngurumo wa chini chini ni jambo jingine, watu huuchanganya na fidibeki. Ule hauongezeki, umekaa tu pale pale, unanguruma kama friji. Chomoa chaja ya laptopu, ifanye kazi na betri. Ukitoweka, ni njia za ardhi za umeme zinagongana. Chomeka laptopu, intafesi na adapta ya pedali kwenye ekstensheni moja, mara nyingi hutulia.

Tuje kwenye kuchelewa. Sauti ikitoka kwenye kompyuta, ikapita pedali, ikarudi, inafika ikiwa imechelewa. Kwangu nilipima kwa kuondoa pedali, nikaunganisha waya mtupu kutoka la 3 la kutolea hadi la 3 la kuingizia, nikarusha mlio mmoja mfupi wa "ta", nikaurekodi, kisha nikahesabu pengo: sampuli 412 kwa 44.1 kHz, kama milisekunde 9. Ni kidogo. Lakini kama pedali inarudisha mwangwi pamoja na sauti kavu, ile isiyo na mwangwi, basi una sauti kavu mbili zilizoachana milisekunde 9, na mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya pipa. Dawa ni kuzungusha nobu ya pedali itoe mwangwi mtupu, asilimia 100, kavu ibaki kwenye traki yake. Zipo pedali zisizoweza kuzima kavu. Kwa hizo rekodi marudio, kisha yasogeze kuelekea mwanzo wa wimbo kwa idadi ile ya sampuli, au tumia ReaInsert iliyomo ndani ya REAPER, inayopima pengo na kulifidia yenyewe. Ableton Live na Logic Pro nazo zina vifaa vyake vya namna hiyo.

Mwangwi mtupu wenyewe ukichelewa milisekunde 9 hakuna atakayejua. Ndiyo maana kwa mwimbaji aliyeko kwenye maiki siku hizi sipitishi kompyuta kabisa. Kwenye programu ya intafesi naichukua maiki, naipeleka hedifoni na tundu la 3. Marudio ya pedali nayapeleka hedifoni tu. Anajisikia papo hapo na mwangwi wake, na kompyuta inarekodi sauti kavu na mwangwi kwenye traki mbili tofauti.

Rekodi hayo marudio siku hiyo hiyo. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kuacha wimbo ukitegemea pedali iliyounganishwa moja kwa moja, nikajiambia nitaumaliza kesho. Usiku umeme ukakatika, asubuhi mpwa wangu akawa ameshaichukua pedali kwenda kupigia gitaa lake, na nobu zote amezigeuza. Sikuupata tena ule mwangwi. Sasa narekodi kwanza, halafu naipiga pedali picha kwa simu, nobu zikionekana vizuri. Ukumbuke pia kwamba wimbo wenye kifaa cha nje hautolewi kuwa faili kwa kasi. Dakika nne za wimbo ni dakika nne za kusubiri, kwa sababu pedali haijui kukimbia.

Wapo wanaokitafuta kitanzi kwa makusudi. King Tubby, fundi wa sauti kule Kingston, Jamaika, na mafundi wenzake wa dabu, muziki uliozaliwa na rege, walikuwa wakiirudisha eko ndani ya eko mpaka inataka kupasuka, kisha wanaishusha. Ni raha tupu, na mimi hufanya usiku nikiwa peke yangu, kidole kikiwa juu ya volyumu ya njia ya kwenda pedali na hakibanduki hapo.

Bi Mkubwa alirudi baada ya wiki mbili. Alizitazama hedifoni kwanza, akazigusa, akavaa upande mmoja tu wa sikio, upande wa pili akauacha wazi kwa ajili ya kukimbia. Nikampa mwangwi. Akaimba mshororo mmoja, akasimama, akasikiliza unavyofifia.

"Punguza kidogo, mwanangu. Unanifuata kama mdai."

Nikashusha marudio desibeli sita, akavaa na upande wa pili.