Zimeziba, zimezibwa au zimenywea?

Muuguzi mmoja wa Tanga anatafsiri muhtasari wa utafiti kuhusu COPD, ule ugonjwa wa mapafu unaowaandama sana wavuta sigara na waliopikia kuni miaka mingi. Ameandika: "Picha ya mapafu imeonyesha kwamba njia za hewa zimezibwa na emfisema." Mwenzake kazini anasema iwe "zimeziba". Ananiuliza nani kapatia.

Kwa sentensi hii, hakuna. Kitenzi "ziba" kina tabia mbili: fundi anaziba tundu, na mfereji nao unaziba wenyewe. Ukishatia -w- ya kutendwa na kiungo "na", msomaji atadai kizibo. Mapafuni kizibo kinaweza kuwapo kweli. Makohozi mazito hukwama kwenye njia za hewa na huonekana kwenye picha ya CT, ile ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande. Mwaka 2023 watafiti waliotumia takwimu za mradi wa COPDGene wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa wenye vizibo vya namna hiyo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Hapo andika "zimezibwa na makohozi" bila wasiwasi.

Emfisema haizibi kitu. Inabomoa kuta za vifuko vya hewa, na kuta hizo ndizo huvuta njia ndogo za hewa zibaki wazi. Kuta zikiisha, njia hunywea kama puto mgonjwa anapotoa pumzi. Kwa hiyo "zimenywea", au "zinanywea" ukitaka kusema ni jambo la kila pumzi. Na usiseme tu "anapopumua": kupumua ni kuvuta na kutoa, ilhali hapa tabu kubwa iko kwenye kutoa.

Muuguzi wangu, hukuuliza kuhusu "imeonyesha", lakini mimi ndiyo inayonikera zaidi. Njia zenye kipenyo cha chini ya milimita 2, ambako mtafiti wa mapafu James Hogg na wenzake walionyesha mwaka 1968 kwamba ndiko hewa ya wagonjwa hawa inakopingwa sana, ni ndogo mno kuonekana vizuri kwenye CT ya hospitali. Kinachoonekana ni hewa iliyonaswa: sehemu zinazobaki nyeusi hata baada ya mgonjwa kutoa pumzi. Picha basi imeashiria. Kipimo cha mtiririko wenyewe ni spirometa, kifaa anachopuliza mgonjwa: hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa yote aliyoitoa kwa nguvu, na jibu likiwa chini ya 0.70 baada ya dawa ya kutanua njia za hewa, ndipo daktari anasema zimebana. (Picha ya MRI, ya sumaku, anayopigwa mgonjwa akiwa amevuta gesi ya zenoni imeanza kuvuruga mpaka huu kati ya picha na kipimo, maana inaonyesha hewa inakofika na isikofika.)

Ningeandika hivi: "Picha aliyopigwa mgonjwa baada ya kutoa pumzi imeonyesha hewa iliyonaswa, dalili kwamba njia ndogo za hewa zinanywea kutokana na emfisema."

Na "pumu sugu" uliyoweka kwenye kichwa cha muhtasari wako kama tafsiri ya COPD, iondoe. Pumu ni ugonjwa mwingine, nayo yenyewe huweza kuwa sugu. Andika "ugonjwa sugu wa kubana kwa njia za hewa", kisha COPD, kwa kuwa ndilo jina mgonjwa atakaloliona kwenye cheti chake.