Silinda nne na lita 13 kwa kilomita 100: jibu kwa mwenye pikapu

Mkuu, umesema pikapu yako ya petroli, silinda nne, injini ya lita 2.7, inakula lita 13 kwa kilomita 100 ilhali kijitabu chake kinasema 10. Unauliza kama ubadilishe nozeli, au uiuze kabisa utafute ya dizeli. Mimi ninayo ya namna hiyo hiyo, gia tano za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na tangu niipate naandika kila lita inayoingia na kilomita zilizotembea. Ikiwa tupu kwenye barabara kuu, mwendo wa 85 hadi 90, inakaa kwenye lita 10. Nikiipeleka 115 inapanda hadi 12 na nusu. Mjini kwenye foleni ni 13, na siku ya mzigo mzito na milima huvuka 14. Gari ni lile lile, fundi ni yule yule, mafuta ni yale yale. Kwa hiyo lita 13 peke yake haitoshi kusema gari lako ni bovu. Inategemea uliliendesha wapi na kwa mwendo gani, na hilo hukulitaja.

Kabla ya yote hakikisha hiyo 13 ni ya kweli. Ukiangalia mshale wa geji au namba ya wastani kwenye dashibodi, hujapima bado; zote mbili hukadiria tu. Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezeshe tena. Sifurisha kilomita. Tembea hadi tenki ishuke chini ya nusu, rudi ujaze kwa namna ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, kisha gawanya lita ulizoweka kwa kilomita ulizotembea na uzidishe kwa 100. Usiamini tenki moja. Pampu ikikata mapema kwa lita 2 kwenye mafuta ya lita 40, hesabu yako imeshayumba kwa asilimia 5. Jumlisha tenki kadhaa mfululizo, lita zote na kilomita zote, ndipo ugawanye.

Kuna jambo watu wa pikapu tunapaswa kuliangalia kuliko wenye magari madogo: matairi. Wengi wetu tunaweka makubwa kuliko yaliyokuja na gari. Ukitoka 235/75R15 kwenda 265/75R16, kipenyo kinatoka milimita 734 hadi 804, yaani tairi linatembea karibu asilimia 10 zaidi kila linapozunguka mara moja, lakini geji ya kilomita haijui. Inakuandikia 450 wakati umetembea zaidi ya 490. Hapo unalilaumu gari kwa mafuta ambayo limeyafanyia kazi. Nimeona kwenye uzi mmoja wa jukwaani mtu akitaka kufungua injini, kumbe matairi yake ndiyo yaliyokuwa yakimficha kilomita. Matairi makubwa na mazito yana gharama yake pia, hasa mjini kila unapoondoka, ila gharama hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye hesabu isiyorekebishwa.

Sasa nije kwenye kiini. Watu hununua pikapu ya silinda nne wakiwa na hesabu ya gari dogo kichwani: lile la silinda nne linakula 7, basi na hili lisizidi 9. Idadi ya silinda haibadilishi umbo la gari. Pikapu ina kibini kilichosimama, bodi iliyo wazi nyuma yake, tumbo lililoinuka juu ya barabara, na upana wa kutosha kubeba mzigo. Upepo unapingana na umbo hilo, na nguvu yake huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 90 hadi 115 mwendo umeongezeka kwa asilimia 28, lakini upinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 63. Mafuta hayapandi kiasi hicho chote, kwa sababu msuguano wa matairi haufuati mwendo kwa ukali huo, na injini ya petroli hufanya kazi kwa ufanisi zaidi inapobeba mzigo kuliko inapocheza. Lakini yanapanda kwa robo, kama nilivyoona kwangu. Hakuna plagi wala dawa ya kusafisha nozeli itakayokurudishia robo ya mafuta. Kupunguza mwendo kutoka 115 hadi 95 kutakurudishia sehemu kubwa ya hiyo robo, leo hii, bila kushika spana.

Na hapa ndipo silinda nne inapokosa ile faida iliyotarajiwa. Ili injini ndogo iweze kuondoa gari zito, watengenezaji huipa difu yenye uwiano mfupi. Matokeo yake kwenye 110 mashine inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na mlima ukitokea unashusha gia, inapiga kelele, inakunywa. Chukua Toyota Tacoma ya mwaka 2016, ya kuvutwa na magurudumu ya nyuma, gia za kujiendesha. Vipimo rasmi vya Marekani viliipa ya silinda nne ya lita 2.7 wastani wa maili 21 kwa galoni, na ya V6, yaani silinda sita, ya lita 3.5 ikapewa 21 hizo hizo. Ni sawa na lita 11.2 kwa kilomita 100 kwa zote mbili. Kwenye barabara kuu V6 ilizidi hata kwa maili moja. Simaanishi kila V6 iko hivyo; ya zamani ya lita 4.0 ilikuwa inakula zaidi. Ninachosema ni kwamba anayenunua silinda nne kwa ajili ya safari ndefu za kasi na mizigo amenunua injini rahisi kutengeneza, na hiyo ni sababu nzuri kabisa, lakini asihesabu mafuta humo.

Kuhusu hiyo 10 ya kwenye kijitabu: namba hizo hupimwa maabara, matairi ya gari yakizunguka juu ya rola bila gari kusogea, kwa ratiba maalumu ya mwendo. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilikuwa cha kama dakika 20 na wastani wa mwendo wa kilomita 34 hivi kwa saa, na kuongeza mwendo kwa upole ambao barabarani hauonekani. Ndiyo maana Ulaya ilianza kukiacha mwaka 2017 na kuleta WLTP, kirefu zaidi na kinachofika kilomita 131 kwa saa. Marekani nako, kipimo chao cha asili cha barabara kuu wastani wake ni karibu kilomita 78 kwa saa na hakizidi 97, na ilibidi kuanzia magari ya mwaka 2008 waongeze majaribio ya kasi zaidi, ya baridi na ya kiyoyozi ili namba zikaribie hali halisi. Kama pikapu yako ni ya kabla ya mabadiliko hayo, ongeza mwenyewe asilimia 15 hadi 20 juu ya namba ya kijitabu ndipo uanze kulalamika.

Mjini upepo hauna neno. Mjini unalipia uzito na kusimama. Gari la tani 1.8 likiwa kwenye 60 limebeba nishati ambayo ukikanyaga breki inageuka joto yote. Kwa ufanisi wa kawaida wa injini ya petroli, nishati hiyo ni karibu mililita 30 za mafuta. Ukisimama mara moja kila kilomita, hizo ni lita 3 kwa kila kilomita 100 zilizoishia kwenye pedi za breki. Ongeza foleni: injini ya ukubwa huu ikiunguruma bila kutembea hula kama lita moja kwa saa. Nusu saa ya foleni ndani ya safari ya kilomita 20 ni nusu lita, yaani lita 2 na nusu kwa kilomita 100 bila gari kusogea. Ukijumlisha hivyo viwili utaona kwa nini 13 mjini wala hainishtui.

Kinachosaidia hapo ni kutazama mbali. Ukiona taa nyekundu au magari yamesimama mbele, ondoa mguu mapema na uliache gari kwenye gia. Injini za sindano za kisasa, yaani zinazopuliziwa mafuta kwa nozeli badala ya kabureta, hukata mafuta kabisa ukiondoa mguu gari likiwa kwenye gia na mzunguko bado uko juu; magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kuna wanaoweka fri kwenye mteremko wakiamini wanabana mafuta. Ukiweka fri injini inalazimika kujilisha ili isizimike, na juu ya hayo umejinyima breki ya injini ukiwa na mzigo nyuma. Tafadhali msifanye hivyo.

Kwenye kubadili gia, panda mapema, mzunguko ukiwa 2,000 hadi 2,500, na usiogope kukanyaga kiasi. Injini ya petroli hupoteza nguvu nyingi inapovuta hewa kupitia mlango wake wa hewa (throttle) uliofungwa nusu, kwa hiyo gia ya juu na mguu mzito kidogo ni bora kuliko gia ya chini na mguu mwepesi. Usiishushe tu hadi ianze kutetemeka.

Mzigo una tabia mbili tofauti. Barabara tambarare kwa mwendo mmoja, gunia kadhaa zilizolala chini ya ukingo wa bodi zinaongeza kidogo sana. Mlimani ni hesabu nyingine: kuinua tani moja mita 500 kunahitaji zaidi kidogo ya nusu lita ya petroli, kila unapopanda. Na mzigo uliozidi urefu wa kibini unarudi kwenye habari ya upepo. Keria ya juu nayo inaumiza hata ikiwa tupu. Kama huitumii, ifungue uiweke ndani. Wapo wanaoshauri kushusha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite. Mlango ukiwa umefungwa, hewa ndani ya bodi hujizungusha na kutulia kama mto wa kulalia, na upepo unaotoka juu ya kibini unateleza juu yake. Ukiufungua umeuharibu mto huo, na mara nyingi hupati kitu au unapata hasara. Kifuniko kigumu cha bodi husaidia, lakini kidogo.

Kama umepima vizuri, umetembea 90 ukiwa tupu kwa tenki kadhaa, na bado ni 13, hapo ndipo nakubali kuna tatizo. Mimi ningeanza na themostati, kwa sababu yangu ilinifanyia hivyo. Ilibaki wazi, mshale wa joto ukawa unashuka chini ya kawaida nikiwa kwenye mwendo, hakuna taa iliyowaka, na ulaji ukapanda kwa zaidi ya lita moja. Injini isipofika joto lake, karibu nyuzi 90, kompyuta inaendelea kuilisha mafuta mengi kana kwamba imewashwa sasa hivi. Themostati mpya ikamaliza kila kitu. Hata bila ubovu, safari fupi fupi za injini baridi zitakupa namba mbaya, kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya hapo angalia breki inayoshika. Tembea kilomita kadhaa ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, sogeza kiganja karibu na rimu moja moja bila kugusa diski. Yenye joto kuliko wenzake ina kesi. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi kwa kufuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango, na kumbuka pikapu nyingi zina kipimo cha tupu na kipimo cha mzigo. Alaimenti iliyopinda inakula matairi na mafuta pamoja. Sensa ya oksijeni iliyochoka inaweza kuvuruga mchanganyiko taratibu, taa ikiwa bado imezimwa. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ataona kama mafuta yanaongezwa au kupunguzwa kupita kiasi. Eya klina chafu, kinyume na wengi wanavyosema, kwenye injini ya sindano inakupunguzia nguvu kuliko inavyoongeza ulaji, maana kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa iliyoingia. Kwenye kabureta ndiyo ilikuwa balaa. Nozeli ningezigusa mwisho kabisa, na baada ya kupimwa.

Dizeli sasa. Ni kweli, dizeli ya silinda nne yenye ukubwa unaokaribiana itakula pungufu, kwa robo hivi. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya petroli kwa asilimia kama 12, na injini yake haivuti hewa kupitia mlango wa hewa wa kubana. Ukiwa mtu wa mizigo na safari ndefu kila wiki, faida hiyo utaiona. Lakini zile za karibuni zina tabo, nozeli za shinikizo kubwa na chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linahitaji safari ndefu za joto ili lijisafishe. Gari la kwenda sokoni na kurudi haliliruhusu kufanya kazi hiyo, na likiziba gharama yake inameza akiba ya muda mrefu. Kwa hiyo andika hapa namba zako tukusaidie kuamua: tenki kadhaa zilizopimwa kwa kujaza hadi pampu ikate, ukubwa wa matairi uliyovaa na yaliyokuja na gari, mwendo unaotembea barabara kuu, na sehemu gani ya kilomita zako ni za mjini. Kama nusu au zaidi ni mjini na mzigo ni wa hapa na pale, mimi nisingeiuza hiyo 2.7.