Kuchanganya jQuery na JavaScript Tupu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza tovuti ya jamaa yangu anayewapeleka wageni kwenye Mapango ya Amboni. Fomu yake hukokotoa gharama kwa idadi ya watu. Nilisoma idadi kwa $('#idadi').value, jumla ikaandikwa NaN. Nilipolirekebisha hilo, kitufe cha kuongeza mtu, nilichokiandika kwa val() na trigger('change') za jQuery, kikawa kinabadilisha idadi bila jumla kusogea, ingawa jumla inasikiliza mabadiliko kwa addEventListener ya JavaScript tupu. Je, nimekosea kuchanganya jQuery na JavaScript tupu?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kuchanganya kunaruhusiwa, kwa kuwa jQuery, maktaba ya msimbo iliyotolewa na John Resig mwaka 2006 wakati vivinjari vilipokuwa vikitofautiana mno, imeandikwa kwa JavaScript hiyohiyo.

Unapoandika $('#idadi') hupewi kisanduku chenyewe cha kuandikia idadi, bali kifurushi cha jQuery kilichokibeba, nacho hakina value. Ukizidisha bei kwa thamani isiyokuwapo, unajibiwa NaN, yaani si namba. Ukiwa na kifurushi, tumia val(). Ukitaka value, kitoe kisanduku kwanza kwa $('#idadi')[0]. Vilevile kisanduku ulichokipata kwa querySelector ya JavaScript tupu hakiijui val() mpaka ukifunge ndani ya $(). Mimi huanza kwa alama ya $ jina la kila kigeu chenye kifurushi, na desturi hiyo imeniokoa mara nyingi.

Tatizo la kitufe ni gumu zaidi, na linaniuma kwa sababu huwapotezea wanafunzi siku nzima bila kutoa ujumbe wowote wa kosa. Val() hubadilisha thamani kimyakimya, pasipo kuamsha tukio lolote, yaani ishara ya kwamba jambo limetokea. Trigger('change') nayo huwaita wasikilizaji (msimbo unaosubiri tukio) waliosajiliwa kwa on() ya jQuery, lakini haimfikii yule uliyemsajili kwa addEventListener. Upande wa pili hauna kizuizi hicho: tukio la kivinjari chenyewe husikiwa na wote, hivyo mahali pa trigger weka $('#idadi')[0].dispatchEvent(new Event('change')), na jumla itasogea.

Hata hivyo, ikiwa fomu hii ndiyo kazi pekee ya jQuery katika tovuti yako, ningeiondoa kabisa, kwani querySelector na addEventListener zinatosha, na mgeni anayefungua ukurasa kwa simu akiwa njiani kutoka Muheza atapunguziwa takriban kilobaiti 30 za kupakua.