Usukani wa Toyota IST kutetemeka baada ya kufunga rimu mpya

Mkuu, kama kabla ya rimu gari lilikuwa shwari na sasa usukani unatetemeka kwenye km 80–100 kwa saa ukitoka Uyole kwenda Igawa, usikimbilie kubadili tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu). Pima kwanza tundu la katikati la rimu. Habu (kitovu cha gari ambapo rimu inakaa) ya IST toleo la kwanza ni mm 54.1, rimu nyingi za dukani zina 73.1 ili ziingie magari mengi. Rimu inabaki kuning'inia kwenye nati tu, ikikaa pembeni kidogo inatetemeka. Ndiyo maana mashine ya balansi inaweza kusoma sifuri na bado gari likatetemeka: yenyewe inaishika rimu katikati kwa koni yake, gari haliishiki hivyo.

Tafuta ringi nne za kuziba hiyo nafasi kati ya rimu na habu, nje 73.1, ndani 54.1. Sugua kutu kwenye habu kabla ya kuzivalisha.

Nati nazo! Zile za kiwandani zenye washa bapa hazikai kwenye tundu la koni. Nunua za koni, saizi ya uzi M12x1.5, kaza kwa mpangilio wa msalaba (nati moja, kisha ya upande wa pili) tairi likiwa juu, kisha kwa spana ya kupima nguvu, Nm 103, likiwa chini. Rudia baada ya km 80 hivi.

Ukitoka Tukuyu msimu wa mvua, osha tope ndani ya rimu kwanza, maana nalo hutetemesha. Likitetemeka ukikanyaga breki tu, angalia diski za breki.